Nani Huwaezekea?

Ukiuliza kwetu Mbumbuni, Ukambani, ikulu ya wafalme wa Wakamba ilikuwa wapi, utachekwa. Mimi nilichekwa na babu yangu mwenyewe, mwaka 2009, nilipokwenda kumuaga kabla ya safari ya Kampala.

"Ikulu?" Umau aliuliza, akafunga kikopo chake cha ugoro taratibu. "Si hiyo hapo, mjukuu wangu. Umeikalia."

Nilikuwa nimekalia jiwe. Tulikuwa nje ya lango la boma, chini ya mwembe, penye majivu ya moto wa jana na mawe manne yaliyolainishwa na makalio ya vizazi. Hapo ndipo panapoitwa thome. Hapana ukuta, hapana paa, hapana hata kibao. Kila boma la Kikamba lilikuwa na thome yake, wanaume wakiota moto jioni na wavulana wakisikiliza kwa pembeni. Kesi za mipaka, mahari, mbuzi walioingia shamba la mtu, zote ziliamuliwa nje namna hiyohiyo, na wazee wa nzama, baraza letu, ambao kila mmoja alitoka kwake na kigoda chake cha miguu mitatu. Kikao kikiisha, kila mtu anaondoka na kigoda kwapani.

Ndicho kiti cha enzi tulichokuwa nacho sisi, kile cha kubebwa kwapani.

Niliyekuwa namwendea ni rafiki niliyesoma naye chuo, Mganda, aliyekuwa anapeleka posa. Barua yake ilisema nitamkuta Kampala, na kabla ya sherehe atanipeleka Kasubi "nikaone wafalme wake walipolala." Umau alitaka kujua wafalme wanalala nyumba ya namna gani. Nikamwambia nimesikia ni nyumba ya nyasi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema nikachungulie darini, kwa sababu nyumba ya nyasi huwezi kuijua kwa nje.

Si kwamba Ukambani hapakuwahi kuwa na wakubwa. Kule Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, alikuwepo Kivoi wa Mwendwa, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Ilikuwa katika safari hiyo ya Kitui, Desemba 3, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake, na wasomi wa Ulaya wakamwita mwongo. Kivoi alikuwa na wake, watumwa na wapagazi, na jina lake lilijulikana mpaka Mombasa. Mwaka 1851 aliuawa njiani karibu na Mto Tana, na ukubwa wake ukaishia pale alipoangukia. Hakuacha kiti cha mtu mwingine kukalia. Waingereza walipofika baadaye wakitafuta mfalme wa kuzungumza naye walimkosa, wakaamua kuwatengeneza machifu wao wenyewe, wakawapa kofia na ofisi. Ofisi hizo ziko hadi leo, za mabati na bendera, na hakuna anayekwenda kuzitazama kwa raha.

Nyumba niliyokuwa nayo kichwani, basi, ilikuwa ya Susu, bibi yangu. Niliikuta ikiwa jiko tu, watu wazima wameshahamia nyumba za matofali. Ilikuwa msonge mdogo, paa lake limeshuka chini kiasi cha mtu mzima kuinama mara mbili kabla ya kuingia. Ndani mafiga matatu, na juu yake fito zilizogeuka nyeusi na kung'aa kama lami kwa moshi wa miaka. Susu alikuwa akipitisha kidole kwenye ufito mmoja na kutuonyesha masizi: "Hii ndiyo dawa ya mchwa." Paa lilipoanza kuvuja, hakuajiri mtu. Aliita mwethya. Wanawake wa kijiji walikuja na mizigo ya nyasi kichwani, vijana wakapanda juu, sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa, ikakaa motoni kutwa nzima, na jioni nyumba ilikuwa imevaa upya.

Matatu ya Machakos huondoka Mbumbuni kabla jua halijatoka, na siku ile ilibeba magunia ya ndengu kuliko watu. Nairobi nilifika adhuhuri, nikapanda basi la usiku. Sitaeleza sana habari za basi. Lilipata pancha mara mbili kabla ya Busia, na mara ya pili utingo alitangaza kuwa gurudumu la akiba "lipo ila halina upepo." Tulivuka mpaka asubuhi, kwa miguu, foleni ya kutoka Kenya kwanza na foleni ya kuingia Uganda baadaye, katikati wabadilisha fedha wakitushika mikono. Jinja tulivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, basi likitambaa, na mwanamke aliyekaa karibu nami akatupa sarafu dirishani bila kusema kitu.

Kampala nilipata somo la kwanza. Nilimsemesha mwendesha bodaboda kwa Kiswahili changu kizuri, naye akaniangalia kama askari wa trafiki. Waganda wengi wa umri fulani wana kisa na lugha yetu: ndiyo waliyoisikia midomoni mwa wanajeshi wa Amin, usiku, ikigonga mlango. Rafiki yangu akanishauri nianze na "Ssebo," yaani bwana, ndipo niendelee na lugha yoyote ninayoitaka. Nilipotaja Kasubi yule kijana wa bodaboda akakunjua uso. "Amasiro!" alisema, makaburi ya wafalme, na bei ikashuka.

Kasubi ni kilima kando ya barabara ya Hoima, kilomita tano hivi kutoka katikati ya jiji. Unapanda ukipita gereji, maduka ya simu na akina mama wanaochoma ndizi, mara maduka yanaisha na uzio wa matete unaanza. Suuna wa Pili, kabaka, yaani mfalme wa Buganda, alikuwa na kasri juu ya kilima hicho. Mwanawe, Muteesa wa Kwanza, akajenga lake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humohumo ndani. Lilikuwa jambo jipya. Kwa mila, kabaka alizikwa mahali pake peke yake, na mfupa wa taya ukatolewa na kujengewa nyumba nyingine. Muteesa alizikwa mzima, taya lake likiwa mahali pake, na watatu kati ya waliomfuata wakaja kulala naye: Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na kurudishwa 1910, Daudi Chwa wa Pili, mwaka 1939, na Edward Muteesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969. Huyu wa mwisho alikimbia kasri la Mengo siku jeshi la Rais Obote lilipolishambulia, Mei 1966. Aliyeongoza askari wale alikuwa Idi Amin. Aliyemrudisha ndani ya jeneza mwaka 1971, kwa heshima zote za taifa, alikuwa Idi Amin huyohuyo.

Lango linaitwa Bujjabukula. Ni nyumba kamili, ya nyasi, yenye walinzi wake, na huwezi kuona chochote cha ndani mpaka uipite. Ukiipita unaingia ua mdogo wenye nyumba ya ngoma. Bado huoni. Halafu ukuta wa matete unakuachia upenyo, unatokea kwenye uwanja mkubwa wa duara, na hapo ndipo nilisimama.

Nitasema nilichokiona kama Mkamba. Niliona nyumba ya Susu. Paa lilelile lililoshuka mpaka chini, mlango uleule mpana na mfupi kama jicho la mtu anayesinzia. Ila mtu alikuwa ameipuliza. Muzibu Azaala Mpanga, ndilo jina la nyumba hiyo, ina upana wa mita 31 kwa nje, na kwa ndani urefu wa mita saba na nusu. Nyasi za paa zilikuwa nene kiasi kwamba ukingo wake, pale zilipokatwa juu ya mlango, ulikuwa kama ukuta uliolala. Nilitia mkono. Uliingia mpaka kiwiko, na ndani palikuwa na ubaridi.

Pembezoni mwa uwanja kulikuwa na nyumba ndogo za wajane wa wafalme. Wafalme wamekufa zamani, lakini nafasi za wake zao hazifi. Mwanamke wa ukoo wa mke wa kabaka anarithi nafasi hiyo, na wanakuja kwa zamu kulinda nyumba ya mume. Wawili walikuwa wameanika karanga juu ya mkeka. Ua wa wafalme ulikuwa unanuka karanga na moshi wa kuni.

Tulivua viatu. Ndani kulikuwa na giza, na harufu ya mchaichai, kwa sababu sakafu ilitandikwa majani yake na mikeka juu. Macho yalipozoea nilianza kuhesabu nguzo, nikaacha. Zilikuwa nyingi na ndefu, kila moja imevalishwa lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, rangi ya matofali mabichi. Mbele, kutoka upande mmoja hadi mwingine, pazia la lubugo hilohilo. Mwenyeji wetu wa pale makaburini alisema nyuma ya pazia ni Kibira, maana yake msitu. Kabaka hafi. Anaingia msituni. Mikuki na picha za wafalme wanne zilipangwa mbele ya pazia kama viatu mlangoni, na nyuma yake hakuna mgeni anayepita.

Nikakumbuka agizo la Umau, nikatazama juu.

Dari ilikuwa mikanda ya duara, mmoja ndani ya mwingine, ikianzia kileleni na kupanuka mpaka kwenye kingo, kama mawimbi baada ya jiwe kuanguka kisimani. Mikanda hamsini na miwili. Kila mmoja ni ukoo mmoja wa Buganda. Mwenyeji alionyesha kwa kidole mkanda wa ukoo wa rafiki yangu, na huyu, mtu mzima anayepeleka posa kesho, akaanza kutabasamu peke yake kama mtoto aliyeitwa jina darasani.

Hapo nilikaa muda mrefu kuliko wenzangu. Nilikuwa nimekuja kuona jinsi mfalme anavyojengewa, nikidhani ukubwa wa nyumba utaniambia ukubwa wa mtu. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa imeandikwa majina ya watu wengine tupu. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, mbega, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kupanda juu. Kuipamba ni kazi ya ukoo wa Ngo, chui. Magome ya mutuba yanagongwa na mafundi wa ukoo wa Ngonge, fisi maji. Wakati wa kuezeka wanawake hawaingii. Mfalme, kwa vile nilivyoelewa, hakuwa na kazi yoyote katika nyumba yake ila kuwa ndani yake.

Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na pazia, miguu ameikunja upande, vazi lake la busuti limemzunguka. Rafiki yangu alipiga magoti kumsalimu, nami nikafuata kwa uzito wa mtu aliyezoea kusimama. Akaniuliza jambo, rafiki yangu akatafsiri: mimi ni wa ukoo gani?

"Atangwa," nikasema.

Akalirudia jina, akalipenda. Akauliza tena: na Atangwa wana kazi gani katika nyumba ya mfalme wenu?

"Mwambie kwetu hatuna mfalme."

Alipotafsiriwa, bibi alinitazama kwa huruma ya kweli, ile anayotazamwa nayo mtu aliyefiwa. Kisha akauliza, na hili rafiki yangu alilitafsiri huku akicheka: "Basi nani huwaezekea?"

Nikasema majirani. Nikamweleza mwethya, mizigo ya nyasi, sufuria ya muthokoi. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole.

"Majirani wote?" aliuliza. "Bila kujua nani ni wa nini?"

Nilirudi Mbumbuni na zawadi ya kipande cha lubugo. Umau alikinusa, akakivuta kwa mikono miwili kuona kama kitachanika, akasema ni ngozi isiyo na mnyama. Nilimwambia kuhusu mikanda hamsini na miwili. Alitaka kujua jambo moja tu: huwa wanakoka moto ndani? Nikasema ndiyo, nilisikia zamani moto uliwashwa. "Basi haina mchwa," akasema, kama Susu.

Jumatano ya Machi 17, 2010, asubuhi, redio ya duka la Mbumbuni ilisema makaburi ya Kasubi yameungua usiku. Nilikuwa nanunua sukari. Mwenye duka hakujua Kasubi ni wapi, lakini aliona uso wangu akapandisha sauti. Usiku uleule watu wa Kampala walikuwa wamepanda kilima kwa maelfu, na nyumba iliyosimama tangu mwaka 1882 ilikwisha ndani ya saa chache. Jumatano hiyohiyo Rais Museveni alipokwenda, umati ulimzibia njia, askari wakafyatua risasi, na watu wakafa palepale mlangoni. Gazeti lilipotufikia, siku mbili baadaye, lilikuwa na picha ya uwanja ule wa duara ukiwa na majivu katikati na nguzo zimesimama uchi. Ndipo nikagundua jambo ambalo giza lilinificha. Nyumba ile ilikuwa na zege na vyuma ndani yake, vilivyotiwa mwaka 1938 ilipokarabatiwa. Magome yalikuwa yameificha karne ya ishirini vizuri sana.

Umau aliishika picha mbali na macho. "Moto wa jikoni?" aliuliza.

"Haijulikani, Umau."

"Makaburi yenyewe?"

Nikamsomea: makaburi hayakuguswa. Yako chini. Akarudisha gazeti na kusema basi wataezeka, na nilikasirika naye kidogo kwa wepesi wa kauli ile. Kwenye orodha ya UNESCO, ambako Kasubi iliingia mwaka 2001, ilihamishiwa mwaka huohuo wa moto kwenye ukurasa wa urithi ulio hatarini.

Kuezeka kulichukua miaka mingi. Umau hakukuona, tulimzika hatua chache kutoka kwenye yale mawe manne. Mimi nilirudi Kampala baada ya daraja jipya la Jinja kufunguliwa, lile lenye kamba za chuma zilizoning'inia kama kinubi, na basi halikutambaa tena juu ya bwawa. Busia nayo ilikuwa kituo kimoja, mhuri juu ya mhuri, wabadilisha fedha wamesukumwa pembeni. Rafiki yangu sasa ana watoto watatu na tumbo.

Bujjabukula ilikuwa palepale. Nilipita nikiwa na hofu ya mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Uwanjani nyumba ilikuwa imesimama, mifupa yake yote imekamilika, na sehemu ya paa imeshavaa. Safari hii fedha za Japani zilipitia UNESCO, kukapangwa mfumo wa kuzima moto na wahandisi wakachora michoro. Lakini kila kompyuta ilifika mahali ikasimama. Nyasi zingepandishwa na watu wa Ngeye tu, kwa mkono, na wao hawakuwa na haraka. Nyasi zenyewe ni ssenke, na kwanza zinakaushwa, zinachambuliwa, zinafungwa vishada. Vijana wanaojua kazi hiyo walikuwa wamebaki wachache, kwa hiyo wazee walikuwa wanaezeka na kufundisha kwa wakati mmoja. Wengine mjini walilalamika kwamba kazi inacheleweshwa. Nilimwuliza rafiki yangu kama haingekuwa rahisi kuajiri mafundi wa kutosha kutoka kokote, na hapohapo nikajisikia kama nimeuliza swali la mwenye duka.

Chini ya kivuli, wanaume watatu walikuwa wanachambua nyasi. Mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa akichukua fumba, analigonga chini mara mbili mikia isawazike, anang'oa majani mapana kwa vidole, analitazama dhidi ya mwanga, halafu anafunga kwa utepe wa gome kwa mzunguko mmoja na nusu. Nusu ile ndiyo iliyonishangaza. Fundo lilikuwa linaachwa kama halijakamilika, na likivutwa linajikaza lenyewe. Nilimtazama akifunga labda ishirini. Hakuna hata kimoja alichokihesabu kwa sauti, ila alipofikisha rundo fulani alisogeza kokoto moja kutoka kushoto kwenda kulia.

Tulisalimiana. Rafiki yangu akamwambia mimi ni Mkenya, kwetu pia tuliezeka nyasi. Mzee akauliza nyasi gani. Nilijitahidi kuieleza kwa mikono, urefu wake, ukingo wake unaokata kidole, na akasema jina la Kiganda ambalo sikulidaka. Akauliza kama bado tunaezeka.

"Mabati, ssebo. Siku hizi ni mabati."

Akaguna.

Mvua ilianza kunukia. Wale watatu walifunika marundo kwa turubai na sisi tukaambiwa tusogee chini ya ukingo wa paa jipya, upande uliokwisha. Nilinyoosha mkono nikautia ndani ya nyasi kama nilivyofanya mwaka 2009. Uliingia mpaka kwenye kifundo tu. Zilikuwa zimebanwa sana, bado mbichi kwa harufu, hazijakaa.

Nilipoutoa mkono nilikuwa na unyasi mmoja kati ya vidole, mrefu, wa manjano. Nilitaka kwenda nao Mbumbuni. Tayari nilikuwa nimeshauona juu ya lile jiwe, ingawa hapakuwa na mtu wa kuunusa. Mzee mwenye kofia ya sufu aliniona. Hakusema kitu. Alisogea, akautoa vidoleni mwangu kwa upole kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akarudi kwenye turubai, akainua pembe yake, akafungua kishada cha juu kabisa, akauchomeka katikati na kukifunga tena, mzunguko mmoja na nusu.